Gauni Jeupe na Pindo Lililobaki

Watu wengine hujifunza kushona wapate riziki, wengine wavae vizuri. Mimi nilijifunza kwa kulazimishwa na mama yangu, nikiwa mtu mzima mwenye mvi za kuficha chini ya kilemba, na nguo aliyotaka nijifunzie ilikuwa gauni lake la kuzikiwa. Nalisema mapema asije mtu akadhani naandika habari za mitindo.

Ilianza siku tuliyomzika mama mdogo, mdogo wake wa mwisho. Mama mdogo alikuwa na kibiongo, kama mama. Ni mgongo wa ukoo wao, na jembe likaumalizia. Gauni lilinunuliwa dukani asubuhi ileile, jeupe, zuri, la mtu aliyenyooka. Halikuingia. Akina mama waliokuwa wakimvalisha wakachukua mkasi, wakalipasua mgongoni kutoka shingoni mpaka chini, wakamtandikia kwa mbele na kumchomekea kingo ubavuni. Ukimtazama ndani ya jeneza huoni kitu. Lakini mama yangu alikuwemo chumbani, na aliona.

Tuliporudi kwetu Itetemia alikaa kwenye kigoda chake jikoni, akanyoosha miguu.

"Wamempasua mgongo kama samaki," akasema.

"Mayu, ndivyo wanavyofanya. Kila mahali."

Mayu ndiyo mama kwa Kinyamwezi, na nyumba yetu ina watu wawili tu, mimi na yeye. Ndoa yangu iliisha zamani, watoto sikujaliwa. Nikisema mayu na asipoitika, hakuna mwingine wa kuitika.

"Mimi siendi mbele za Mungu mgongo wazi," akasema. "Utanishonea wewe."

"Mimi? Hata kifungo sijui kukaza!"

"Utajifunza. Fundi wa mjini atakata anavyojua yeye. Wewe umebebwa kwenye mgongo huu, unaujua." Akachukua tobolwa moja kwenye ungo, kipande cha kiazi kitamu kilichochemshwa na kukaushwa, akaanza kulitafuna polepole. "Likiisha hilo gauni, mimi sina kazi tena duniani."

Alilisema kwa raha zake, kama mtu anayesema akimaliza kupepeta atapumzika. Lakini mimi liliniingia vibaya. Nililielewa kama mtoto wa darasa la kwanza anavyoelewa: mshono wa mwisho ukitiwa, mama anaondoka. Najua ni ujinga. Naenda kanisani kila Jumapili, nimehubiriwa ya kutosha kuhusu nani anayeshika siku za mtu. Woga wangu haukwenda kanisani hata mara moja.

Wiki iliyofuata alitoka sokoni na kitambaa cheupe cha pamba, kizito, akakifunga ndani ya khanga kuukuu na kukiweka kwenye sanduku la bati chini ya kitanda chake. Nikaanza kukiota.

Fundi niliyempata alikuwa mtaa wa Ng'ambo, mzee wa Kiislamu anayeshonea barazani kwake, redio pembeni na kikombe cha kahawa juu ya meza ya cherehani mahali ambapo mtu mwingine yeyote angekimwaga. Mababu zake walikuja na misafara kutoka pwani wakachokea hapa Tabora, na yeye husema mpaka leo hajaona sababu ya kuendelea na safari.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Nguo iko wapi?"

"Sina nguo. Nimekuja kujifunza."

Akanitazama kuanzia kilemba mpaka ndala. "Umri huo?"

"Umri huu huu."

"Haya, kaa. Lakini ukitaka kulia, geukia ukutani, wateja wasikuone."

Sikumwambia habari ya gauni. Nilimwambia nataka kazi ya mikono. Naye, kwa kunikaribisha, akanionyesha ukucha wa kidole chake cha shahada. Ulikuwa na mstari mweusi katikati. "Sindano ilipita hapa, ikatokea huku. Ilinibidi nizungushe gurudumu kwa mkono huu mwingine ili niitoe." Halafu akanywa kahawa. Mimi nikataka kurudi Itetemia kwa mguu, na baiskeli niiache.

Alinianzishia kwenye karatasi za mifuko ya saruji, bila uzi. Amechora mistari kwa chaki, nami nikanyage cherehani na sindano itoboe juu ya mstari. Eti rahisi! Cherehani ile ilikuwa ya miguu, na ukiianza vibaya inarudi nyuma. Mimi niliianza vibaya siku nzima. Kila sindano iliposhuka nilifumba macho.

"Mama," fundi akasema, "kipofu namfahamu mmoja anashona mikeka. Lakini yule hana hiari."

"Naogopa itanikata."

"Itakukata. Ikishakukata utaacha kuogopa."

Uongo mtupu. Ilinikata, ikanitoboa kidole pembeni ya ukucha, damu ikadondokea kwenye karatasi, na niliogopa zaidi. Lakini nilikuwa nimejifunza kuogopa huku macho yakiwa wazi, na hilo kwa cherehani linatosha.

Kazi yake kubwa kwa wanafunzi ilikuwa khanga. Wanawake wanatoka sokoni na doti zao mpya zimeungana, unazitenganisha, unazipinda kingo. Nilipinda khanga mpaka nikaona mapindo nikifumba macho kusali. Fundi alikuwa na neno lake moja ambalo alilirudia kila nilipomletea kazi nusu: "Nguo bila pindo haijaisha. Hata iwe na kola ya waziri, bila pindo ni kitambaa tu." Alilisema kwa sababu nilikuwa mvivu wa mapindo. Mimi nililiweka moyoni kwa sababu yangu nyingine.

Kutoka khanga nikaenda foronya, kutoka foronya nikaenda sketi za shule zenye marinda, kisha magauni ya watoto. Nyumbani mama alikuwa akinisubiri na swali lilelile kabla sijaegesha baiskeli.

"Umefika wapi?"

"Foronya, mayu."

"Foronya bado? Tabora nzima inalalia mito yako?"

"Ndiyo hivyo. Ngumu."

Wakati huo nilikuwa tayari najua kutia zipu. Sikutaka ajue. Nilifikiri nikibaki kwenye foronya, na yeye atabaki. Kila nilichokifahamu kwa fundi kilinifurahisha mpaka nilipofika kona ya nyumbani, hapo nilishuka kwenye baiskeli nikaikokota, nisifike upesi. Siku niliyoweza kola kwa mara ya kwanza, kola iliyolala vizuri pande zote mbili, fundi alipiga makofi, na mimi nilikwenda nyuma ya nyumba yake nikalia. Akadhani ni furaha.

Mara nyingine nilikuwa naharibu bila kutaka. Nilimkatia mteja mikono miwili ya kushoto. Gauni zima limekamilika, nalipachika mkono wa kulia, haukubali, naugeuza, haukubali. Fundi akasimama akautazama, akaanza kucheka mpaka kofia ikamwanguka.

"Huyu mteja wako anashika kijiko na nini?"

Nilicheka na mimi, jamani, ningefanyaje. Lakini niliporudi kwenye meza mawazo yalinijia yenyewe: na kama lingekuwa lile jeupe? Kitambaa kile kilikuwa kimoja, na mkasi ukishapita haurudishi.

Aliyeniumbua ni jirani yetu wa mbele, mama mmoja mwenye moyo mzuri na mdomo usio na mlango. Nilimshonea suti ya kanisani, koti lina kola, lina bitana ndani, mifuko ya kutumbukia. Nilimwomba asiseme kashona nani. Akaniapia. Jumapili ibada ikiisha nikatoka nje na kumkuta amesimama na mama yangu, amelifungua koti, anamwonyesha bitana mbele za watu.

Mama alikuwa anapitisha kidole kwenye mshono, taratibu, kama anasoma.

"Hii kola kashona nani?" akaniuliza, ingawa alikuwa ameshaambiwa.

Nilianza kukaza kilemba changu.

"Foronya nzuri sana hii," mama akasema. "Ina mifuko."

Hakunigombeza, na hilo ndilo lililonitisha. Tulipofika nyumbani alivuta sanduku la bati kutoka chini ya kitanda, akafungua fundo la khanga, akanitia kile kitambaa mikononi. Kilikuwa na baridi. Nakumbuka baridi yake kuliko uzito.

"Kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake, sawa," akasema. "Lakini atakimbia mpaka lini? Anza."

Kesho yake nilimweleza fundi ukweli wote, nikamwomba anikatie yeye. Alizima redio. Sikuwa nimewahi kumwona akizima redio.

"Hapana, binti yangu," akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kuniita hivyo. "Nguo ya kaburi haipiti kwenye cherehani hii. Sisi sanda yetu tunaichana kwa mkono, hatuipeleki kwa mashine. Na juu ya hii nashona kanzu za watoto za Idi. Nina mwiko wangu, unisamehe."

"Sasa nitafanyaje na kibiongo? Gauni lenyewe lazima liingie bila kupasuliwa."

Hapo ufundi ukamzidi mwiko. Akachukua karatasi ya saruji na chaki. "Karatasi naweza. Kitambaa utakata na kushona mwenyewe, kwa cherehani ya kuazima, nyumbani kwenu." Akanionyesha anavyomkatia kanzu mzee mmoja aliyepinda: nyuma unaongeza, mbele unapunguza, la sivyo nguo inapanda mgongoni na kuburura mbele. "Lakini kwa mtu wako kuna jambo jingine. Huyu wangu anavaa amesimama. Wako atavalishwa amelala." Akakuna kichwa kwa chaki, kofia ikawa nyeupe. "Fungua mbele. Mbele yote, shingoni mpaka chini, kwa vifungo. Na mikono iwe mipana kwapani. Hilo ndilo naliona mimi. Niletee vipimo."

Vipimo! Wiki zikapita. Kumpima mama kwa ajili ya gauni lile ilikuwa ni kumwambia simama nikupime kaburi. Kila asubuhi niliweka futikamba shingoni, kila jioni nikaitoa. Mama alikuwa ananiangalia tu.

Masika yalipoanza akapata homa. Zahanati walimpa dawa, wakasema apumzike na anywe maji. Hakuwa mtu wa kulala mchana, na sasa alilala mchana, mdomo wazi, mgongo wake umeinua shuka. Siku ya tatu alikataa uji. Nilikaa pembeni ya kitanda na woga wangu ukajigawa mara mbili, kila kipande kikanivuta upande wake. Nikishona, anaondoka. Nisiposhona na akaondoka, watachukua mkasi, watampasua, na nitakuwa nimesimama pale chumbani kama alivyosimama yeye kwa mdogo wake, naangalia.

Ndipo nikafanya upumbavu ambao mpaka leo Itetemia wanaucheka. Nilikwenda kuchukua kitambaa, nikakiweka juu ya kiti mlangoni nione rangi yake na upana wake. Nikachukua futikamba. Nikaanza kumpima mama yangu akiwa amelala, taratibu asiamke: bega mpaka bega, shingo mpaka kisigino. Machozi yananitoka, napumua kwa pua, natamka vipimo kwa kunong'ona nisivisahau.

Hapo jirani wa mbele akaja kumjulia hali mgonjwa. Mlango ulikuwa wazi. Aliona kitambaa cheupe kitini. Aliona mimi nalia, nimeinama, nampima mama kuanzia kichwani mpaka miguuni. Kwetu mtu aliyelala hapimwi na mtu mwingine ila fundi wa jeneza. Hakubisha hodi, hakuuliza. Niligeuka nikaona mgongo wake tu, anakimbia na ndala mkononi.

"Jirani!" nikamwita. "Rudi! Siyo!"

Wapi! Kilio kilipanda upande wa pili wa njia, kikadakwa na nyumba inayofuata, kikaenda mbele. Kwa muda mfupi uwanja wetu ukajaa wanawake. Mmoja amekuja na mkeka, mwingine na ndoo ya maji, mwingine mzigo wa kuni kichwani. Wamefunga khanga viunoni, wanalia kikwelikweli, jina la mama likitajwa kwa sifa ambazo hajawahi kupewa akisikia. Nami nimesimama mlangoni na futikamba shingoni, nanyoosha mikono, nasema hajafa, hajafa, na kadiri ninavyosema ndivyo wanavyonishika mabega: "Pole, mwanetu. Kubali tu. Lisilobudi hutendwa."

Na nitasema wazi, kuna kitambo kifupi pale niliwaamini. Wao walikuwa wengi na mimi mmoja. Niliogopa kugeuka nyuma kutazama kitandani.

"Nani kafa?"

Sauti ilitoka nyuma yangu. Mama alikuwa amesimama, khanga moja kiunoni, moja mabegani, ameshika fremu ya mlango. Macho mekundu ya homa.

Uwanja ukanyamaza. Mwenye kuni akazishusha polepole, kama mwizi.

"Nauliza, nani kafa? Maana nimesikia mnamlilia mtu mwema."

Jirani wa mbele alikuwa amejificha nyuma ya ndoo.

"Basi kuni acheni hapohapo," mama akasema. "Zitapikia uji. Na mkae. Anayezushiwa kifo ameongezewa siku, hamjui?" Akanigeukia, sauti ikashuka. "Na wewe. Ulikuwa unanipima nimelala? Mimi ni ubao?"

"Nilikuwa naogopa kukuamsha."

"Ulikuwa unaogopa nisimame." Akaachia fremu ya mlango. Akasimama uwanjani katikati ya wanawake wote, kadiri mgongo wake ulivyomruhusu, akatanua mikono. "Haya, nipime. Hawa wote mashahidi kwamba nilisimama."

Nikampima. Wanawake walisoma namba kwa sauti pale macho yangu yaliposhindwa na machozi. Kipimo cha nyuma na cha mbele vilipishana kwa kiasi ambacho nisingekipata kamwe kwa mtu aliyelala. Vile vya kitandani vyote vilikuwa vibovu, ningekata gauni la mtu mwingine kabisa.

Homa ilimwachia siku chache baadaye. Uji alikunywa, uliopikwa kwa kuni za msiba wake. Fundi alinikatia karatasi, akanipa bila kuchukua chochote na bila kuigusa tena baada ya kuikunja. Nikatandika kitambaa juu ya meza ya chakula, mama akiwa nje anamenya karanga. Nilishika mkasi. Nikauweka. Nikaenda kunywa maji, nikarudi, nikaushika. Nje karanga zilikuwa zinadondoka kwenye sufuria, ta, ta, na kila zilipokawia kidogo nilitega sikio nikazisubiri. Mwisho nilikata hivyohivyo, nikifuata karanga: ikidondoka, nakata, ikinyamaza, nanyamaza. Kipande cha mgongo kilitoka kimepinda vizuri kama ganda la boga. Nilikiweka begani kwangu nikakitazama. Kweli, mgongo huu nilikuwa naujua.

Kazi ile niliifanya kwa siku nyingi na kwa uangalifu ambao sijawahi kumpa mteja. Hakukuwa na wa kunifundisha tena, fundi alikuwa ameishia kwenye karatasi. Vifungo nilivificha chini ya ukanda mwembamba, ukitazama mbele huoni uwazi. Mishono yote niliilaza na kuifunika ndani, ili upande wa ndani uwe safi kama wa nje, hata kama hakuna atakayeuona. Nilifumua bega mara kadhaa kwa kasoro ambayo mtu mwingine asingeiona. Hapo ndipo nilipojua nimekuwa fundi, na sikufurahi hata kidogo.

Likabaki pindo. Nilianza upande wa kushoto, kwa mkono, mishono midogo. Nikazunguka mbele. Nikazunguka nyuma. Ilipobaki sehemu ya upana wa kiganja, nikaacha. Sindano niliichomeka palepale, uzi ukining'inia. Nguo bila pindo haijaisha, fundi mwenyewe kasema. Nikalikunja gauni, nikamwambia mama lipo tayari kujaribiwa.

Alilivaa mchana, sebuleni, mlango umefungwa kwa sababu ya jirani. Nilimfunga vifungo kimoja kimoja. Akaenda mbele ya kioo cha ukutani, akajigeuza ubavu. Gauni lilikuwa limeufuata mgongo wake wote, halikupanda, halikuvuta, mbele limeshuka sawa na nyuma. Alirudisha mkono nyuma akapapasa kibiongo chake polepole, juu mpaka chini, akitafuta mahali palipopasuka.

"Limenikaa," akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo.

Halafu akainama kutazama chini. Macho ya mama hayaoni herufi za Biblia bila miwani, lakini sindano ile aliiona.

"Na hapa?"

"Hapo..."

"Uzi uliisha?"

Ningesema ndiyo. Uongo ulikuwa mdomoni, tayari. "Haukuisha," nikasema, na nikashangaa sauti yangu inapanda. "Haukuisha, mayu! Naogopa. Umesema likiisha huna kazi tena duniani. Mimi sitaki liishe. Ukiondoka mimi nabaki na nani humu ndani? Niambie, na nani?"

Akavuta kigoda, akakaa na gauni lake jeupe juu ya sakafu ya saruji niliyokuwa nimeideki mara mbili.

"Hilo silijui," akasema. "Ningelijua ningekwambia."

Nilikuwa nimesubiri neno la faraja, neno la mzazi. Hakuwa nalo na hakulitunga. Alichukua pindo akaliweka gotini, akachomoa sindano.

"Mayu, acha. Tafadhali."

"Nyamaza, utanifanya nijichome."

Mama hakujua kushona. Alichoma sindano kama anachoma gunia la mpunga, mishono mirefu, mmoja unakwenda juu, mmoja chini. Mimi nilipiga magoti mbele yake, sikuangalia sindano, niliangalia kifua chake kikipanda na kushuka. Mdomo wangu ulikuwa unasali wenyewe. Kipande kile cha kiganja kimoja kilichukua muda mrefu kuliko gauni zima.

Alipofika mwisho alipiga fundo, akapiga jingine juu yake, akainama na kuukata uzi kwa jino.

"Haya. Limeisha."

Hakuna aliyejongea. Nje kuku mmoja alikuwa anaparura. Nilimtazama mama usoni, na ndipo nikaona kwamba na yeye anasikiliza. Ameshika sindano hewani, kichwa ameinamisha kidogo, anasikiliza kifua chake mwenyewe. Kumbe na yeye! Muda wote ule, matobolwa yake, matani yake, na yeye alikuwa anaogopa kama mimi.

"Nipo," akasema, polepole, kama anajiambia.

Nikamshika magoti nikalia kwa sauti. Safari hii jirani alisikia, na hakuthubutu kuja.

Gauni liko kwenye sanduku la bati. Barazani kwetu siku hizi nina cherehani yangu na wateja wanaonisumbua tangu asubuhi, na wangeniletea mshono kama ule wa mama ningeufumua mbele yao. Ule sitaufumua. Lakini nisidanganye kwamba woga umekwisha. Kila alfajiri nikiamka silisogezi shuka mpaka nimesikia kikohozi chake ukutani kwa upande wa pili. Leo kilikawia. Nililala nimekodoa macho, nikashikilia pumzi, nikasikiliza, mpaka sauti yake ikapita ukutani, kavu, ya mtu aliyekuwa macho muda mrefu.

"Nipo. Weka chai."